PC ya gemu kwa laki saba Mwanza: mchana inapiga kazi, ikifika saa moja jioni inajizima. Shida nini?

#1 Kuungaunga
Wakuu, mwangaluka.

Nimejikusanya laki saba nikajenga PC ya gemu, sasa inanitoa jasho. Naweka vifaa na bei kabisa, maana najua hilo ndilo swali la kwanza.

Dell OptiPlex 7010 ile ndefu, prosesa i5-3470, RAM GB 8, diski GB 500, mtumba: 220,000
Kadi ya grafiki GTX 1050 Ti ya GB 4, mtumba, ile isiyochomekwa waya wa umeme pembeni: 230,000
SSD GB 256: 65,000
RAM nyingine GB 8, DDR3: 30,000
Monita inchi 22, mtumba: 110,000
Kibodi na mausi: 20,000

Jumla 675,000. Iliyobaki iliishia kwenye ekstensheni na nauli za kuzunguka Makoroboi na mitaa ya jirani.

GTA V inakwenda vizuri, 1080p setingi za kati, fremu 60 kwa sekunde hazishuki sana. Mchana nacheza mpaka nichoke mwenyewe. Ikifika saa moja jioni hivi, nikiingia GTA inakata ghafla, skrini nyeusi, kisha inawaka yenyewe kama hakuna kilichotokea. Hakuna ujumbe wowote. eFootball haijawahi kukata hata hiyo jioni. Kuanzia saa tano usiku hali inatulia tena.

Fundi mmoja mjini kasema kadi imekufa, mwingine kasema ni Windows. Hakuna aliyefungua hata skrubu. Nipo Buhongwa. Naombeni mwongozo.

#2 Dagaa Mchele
Nimevuta kigoda, ngoja wajuzi waje.

#3 Nyundo ya Igoma
Pawa saplai hiyo mkuu, lile boksi linaloipa kompyuta umeme, usisumbuke. 7010 ndefu inakuja na saplai ya wati 275, na mashine yenyewe ni ya 2012 au 2013. Umri huo kapasita zake, zile zinazohifadhi umeme kidogo ndani, zimeshachoka. Gemu likikaza, saplai inashindwa, inakata. Tafuta ya wati 500, funga, maisha yaendelee.

#4 Mzee wa Volti
#3 kijana, tupige hesabu kwanza kabla ya kumtuma mwenzio dukani. i5-3470 ni wati 77. 1050 Ti ni 75, na ndiyo maana haina waya wa pembeni, yote inatoka kwenye sloti ya madabodi. Weka diski, RAM, feni na madabodi yenyewe, hufiki hata 200. 275 inatosha na chenji inabaki. Na kama ni saplai iliyochoka, mbona mchana haichoki?

Jibu lipo kwenye ukuta. Jioni watu wote wamerudi, pasi, majiko, mafriji, volti zinashuka. Azima maltimita upime soketi saa nane mchana na saa mbili usiku, ulete majibu hapa.

#5 Sangara Mkavu
Pole mkuu, ila mimi naanzia kwenye kadi. 230,000 kwa 1050 Ti ni bei inayotia shaka. Kuna kadi nyingi zimeandikwa 1050 Ti kumbe ndani ni GTX 550 Ti ya zamani, wameichezea BIOS, programu ya ndani ya kadi, ijitambulishe kwa jina jipya. Shemeji yangu Sengerema alipigwa hivyo hivyo. Pakua GPU-Z, programu ya kusoma kadi, ni ya bure. Kama ni ya bandia, mbele ya jina itaandika FAKE. Na angalia nyuma ya kadi, ukiona tundu la VGA, lile la bluu, anza kuwa na wasiwasi. Chipu za kizazi cha 1050 hazitoi VGA zenyewe.

#6 Binti Kirumba
Shemeji yako wa Sengerema alipigwa, au ni wewe ulipigwa ukamsingizia shemeji? 😂

#7 Sangara Mkavu
#6 dada, tuheshimiane. Kadi ninayo hapa, natundikia funguo.

#8 Kuungaunga
Asanteni wakuu. Majibu:

GPU-Z inasoma GTX 1050 Ti, vikokotozi 768, GB 4 GDDR5, hakuna neno FAKE. Nyuma kuna HDMI, DVI na DisplayPort, VGA hakuna.

Maltimita nimeazima kwa jirani anayefunga sola. Mchana 226. Usiku huu inacheza kati ya 181 na 190.

#9 Mzee wa Volti
Uzi ufungwe.

#10 Kapasita
Usifungwe. Mzee wangu shikamoo, lakini hapo kuna tundu. Saplai ya hiyo Dell imeandikwa ubavuni 100 hadi 240. Inajirekebisha yenyewe. Ukiipa 181 inavuta ampea nyingi kidogo tu, kazi inaendelea. Ingekuwa friji au feni ya ukutani ningekubali, hivyo vinaumia kweli volti zikishuka. Kompyuta haina habari na 181.

Swali langu kwa mwenye uzi: kati ya soketi na kompyuta kuna nini? Taja kila kitu.

#11 Kuungaunga
#10 kuna ekstensheni, halafu stebilaiza. Ilikuwa ya friji letu la zamani, friji likafa yenyewe ikabaki, nikaona ilinde PC. Jioni inalia tak, tak, tak muda wote.

#12 Kapasita
Hapo sasa tunaongea.

Stebilaiza za aina hiyo ndani zina transfoma yenye njia kadhaa, na rilei, yaani swichi za umeme, zinazochagua njia ipi itumike. Umeme ukishuka, rilei inaachia njia moja na kushika nyingine. Hiyo ndiyo "tak". Baina ya kuachia na kushika kuna milisekunde kadhaa ambazo kompyuta haina umeme kabisa.

Kwa kawaida hilo si tatizo, kwa sababu kapasita kubwa ndani ya pawa saplai inashikilia. Viwango vya ATX, vya saplai za kompyuta, vinataka saplai ivumilie kama milisekunde 16 umeme ukikatika ikiwa imebeba mzigo wote. Kumbuka umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, mzunguko mmoja milisekunde 20. Kwa hiyo nafasi ni finyu tangu kiwandani. Kapasita ikizeeka inashika kidogo zaidi. Na kadiri mzigo unavyokuwa mkubwa ndivyo akiba inavyoisha haraka.

Sasa linganisha na dalili zake. eFootball mzigo mdogo, haikati. GTA mzigo mkubwa, inakata. Mchana volti zimetulia, rilei haichezi, salama. Jioni rilei inacheza, inakata. Saa tano watu wamelala, rilei imenyamaza. Toa stebilaiza, chomeka moja kwa moja ukutani, cheza jioni.

#13 Nyundo ya Igoma
#12 umeandika vizuri ila mwisho wa siku umerudi kwangu: kapasita iliyozeeka. Mimi nina stebilaiza ya rilei, inagonga usiku kucha, na PC yangu haijawahi kuzima. Tofauti ni kwamba saplai yangu ni mpya. Kwa hiyo ni saplai.

#14 Mzee wa Volti
Na rilei inagonga kwa sababu gani? Kwa sababu volti zinashuka. Kwa hiyo ni volti. Marahaba #10.

#15 Dagaa Mchele
Hapa kila mtu kashinda 😂😂 endeleeni

#16 Binti Kirumba
Jamani mmejazana kwenye umeme. Mwenye uzi, nikuulize kitu kidogo. Ubavu wa kesi umefunga au umeacha wazi?

#17 Kuungaunga
#16 nimeacha wazi dada, ipate hewa. Na ipo dirishani.

#18 Binti Kirumba
Nilijua.

Sisi tunaokaa karibu na maji tunajua hii. Wale vijidudu vya ziwani wasiouma, wanaotoka kwa makundi hasa siku za mwezi kuandama, wanafuata taa jioni. Ukiwa na dirisha wazi na kompyuta ina taa, wanaingia ndani, feni inawavuta. Mimi nina kaduka ka kuchapa na kutoa kopi hapa Kirumba. Mashine moja ikaanza kuzima jioni tu, hivyo hivyo. Tukampelekea fundi tunayemwamini, akafungua feni ya prosesa mbele yangu. Chini ya feni, juu ya mapezi ya kupozea, kulikuwa na utando wa kijivu, umeshikana kama unga wa mtama uliomwagiwa maji ukakauka. Alikuwa anautoa kwa mswaki, unabanduka vipande. Ukiangalia vizuri unaona mbawa. Prosesa ilikuwa haipumui kabisa. Alisafisha, akafuta grisi ya zamani iliyokauka akapaka mpya, mashine ipo mpaka leo na sijabadilisha saplai wala stebilaiza.

Kesi iliyofungwa inaweza kupoa vizuri kuliko iliyo wazi, maana hewa inapita njia moja, inaingia mbele inatoka nyuma. Mnaiacha wazi mkidhani mnaisaidia.

#19 Kamanga Boy
#18 Buhongwa na ziwa wapi na wapi dada? Hao wadudu wanapanda daladala?

#20 Binti Kirumba
#19 upepo unawapeleka. Na hiyo kompyuta ni mtumba, unajua ilitoka wapi? Inawezekana ilikuja na wadudu wa Ulaya.

#21 Kapasita
Hoja ya joto inapimika, tusibishane. Weka HWMonitor au HWiNFO, acha iandike joto wakati unacheza, uone prosesa na kadi vilifika ngapi kabla ya kukata. Prosesa za Intel za kizazi hicho zikipata joto sana zinaanza kwanza kupunguza kasi, ungeona gemu linakwamakwama kabla ya kuzima. Yeye anasema inakata ghafla ikiwa inakwenda vizuri.

Na tahadhari kwa wote: feni ya prosesa fungueni, safisheni. Boksi la pawa saplai msifungue. Ndani kuna kapasita inayobaki na zaidi ya volti 300 hata ukiwa umechomoa waya. Kama kuna vumbi, puliza kwa nje.

#22 Mwanafunzi wa Malimbe
Naomba kuchangia. Hakuna aliyegusa RAM. Amechanganya RAM GB 8 iliyokuja na mashine na nyingine GB 8 ya dukani, pengine kasi na kampuni tofauti. RAM ikikosea, Windows inatoa skrini ya bluu. Lakini Windows imepangwa tangu mwanzo kuwasha mashine upya yenyewe ikipata hitilafu hiyo, kwa hiyo unaweza usiione bluu kabisa, unaona giza tu na inawaka. Nenda kwenye setingi za mfumo, toa alama ya kuwasha upya kiotomatiki. Kisha angalia folda ya Minidump ndani ya Windows, ndimo inamoandika hitilafu hizo. Kama kuna mafaili mule, basi huenda ni programu, draiva au RAM, si umeme. Kama ni tupu, turudi kwenye umeme.

Halafu iendeshe MemTest86, programu ya kupima RAM, usiku mzima.

#23 Sangara Mkavu
#22 na RAM inajuaje kama ni saa moja jioni?

#24 Mwanafunzi wa Malimbe
#23 haijui, ila labda jioni ndiyo anacheza muda mrefu. Hajasema mchana anacheza kwa muda gani.

#25 Jiwe Juu ya Jiwe
Mkuu fungua Event Viewer, kumbukumbu za matukio za Windows, utakuta Kernel-Power 41. Hiyo ndiyo namba ya kosa la pawa saplai mbovu. Nimeiona kwangu.

#26 Kapasita
#25 hapana. Kernel-Power 41 inasema kitu kimoja tu: mashine ilizimika bila kufuata utaratibu. Ukichomoa waya mwenyewe, 41. Ukikatikiwa umeme, 41. Ukishikilia kitufe mpaka izime, 41. Haikutajii nani mwizi.

#27 Kamanga Boy
Mimi nauliza kwa wema kabisa: laki saba yote hiyo si angenunua PS4 ya mtumba na pedi mbili akapumzika? Mnapima volti, mnasafisha wadudu, mnaandika joto. Gemu litachezwa lini?

#28 Kuungaunga
#27 PS4 haiandiki ripoti ya chuo wala haihariri video za harusi. Kwa PC hii nimeshapata kazi ndogondogo za kuhariri. Na eFootball, Counter-Strike 2 na Fortnite ni bure. Kwenye PS4 kila diski ni hela.

#29 Kamanga Boy
Eti kuhariri harusi. Hariri kwanza hiyo saplai.

#30 Jiwe Juu ya Jiwe
Mimi ningekuwa wewe, ningeachana na mitumba ya 2012. Chukua prosesa ya Ryzen 5 5500, haihitaji kadi ya grafiki, unacheza nayo hivyo hivyo. Madabodi ya AM4, RAM 16, biashara imekwisha.

#31 Mwanafunzi wa Malimbe
#30 5500 haina grafiki ndani yake. Utawasha uone giza. Uliyokusudia ni 5600G, yenye grafiki ya Vega 7 ndani. Hiyo kweli inacheza gemu nyepesi bila kadi, kwa sharti uweke RAM mbili, si moja, maana grafiki yake inakula RAM ya mashine, na ukiweka moja kasi ya RAM inakuwa nusu. Ila kwa laki saba mpya? Prosesa, madabodi, RAM, SSD, saplai, kesi, halafu monita. Piga hesabu. Na RAM za DDR4 na DDR5 zimepanda bei tangu mwishoni mwa 2025, viwanda vinapeleka chipu kwenye mitambo ya AI. Kwa sasa aliyejaza DDR3 ya mtumba kwa 30,000 tusimcheke.

#32 Mtu wa Nansio
#31 kweli kabisa. Niliulizia DDR4 GB 16 Kariakoo kwa simu, muuzaji akanitajia bei nikadhani ananitajia ya kompyuta nzima.

#33 Sangara Mkavu
Kama ni mtumba, bora angechukua RX 580 ya GB 8. Bei inakaribiana na 1050 Ti, nguvu haifanani. Zipo nyingi, zilikuwa kwenye uchimbaji wa sarafu, Ethereum ilipoacha uchimbaji Septemba 2022 zikamwagwa sokoni.

#34 Nyundo ya Igoma
#33 RX 580 inakula wati 185. Kwenye saplai ya 275? Wewe ndiye unamtafutia moto.

#35 Sangara Mkavu
Kuna adapta zinatoa umeme kwenye waya wa diski, SATA, kwenda kwenye kadi. Mtaani watu wanatumia.

#36 Kapasita
#35 na mtaani zinaungua. Kichwa cha SATA kwenye 12V kimekadiriwa ampea 4.5, yaani wati 54. Kadi inatarajia mpaka wati 75 kwenye tundu la pini 6, na RX 580 nyingi zina tundu la pini 8 linaloruhusu 150. Plastiki inaanza kulainika, unasikia harufu, unadhani jirani anachoma taka. Kwa 7010 chaguo la 1050 Ti ni sahihi. GTX 1650 isiyo na waya ingekuwa bora zaidi kama angeipata, nayo ni wati 75.

Kitu kizuri kwenye 7010 ndefu ni kwamba madabodi yake inatumia pini 24 za kawaida, kwa hiyo saplai yoyote ya ATX inaingia. 9020 iliyofuata ina pini 8 za Dell wenyewe, unahitaji adapta. Wanaotafuta mashine mkumbuke hilo kabla ya kutoa hela.

#37 Mwanafunzi wa Malimbe
Ila #36 useme na upande wa pili. 9020 ni kizazi cha nne, ina AVX2, aina ya maagizo ya prosesa. i5-3470 haina. Gemu mpya zinazodai AVX2 zitakataa kufunguka, haijalishi kadi ni ipi. Na gemu la mpira FC 25 kiwango cha chini walichoandika ni i5-6600K na 1050 Ti. Kadi ya mwenye uzi inafika mlangoni, prosesa haifiki.

#38 Dagaa Mchele
Na Windows 10 imeshaachwa tangu tarehe 14 Oktoba 2025, hiyo mashine rasmi haipokei Windows 11. Gemu la Valorant kwenye Windows 11 linataka vitu vya usalama, TPM 2.0 na Secure Boot. Mkuu ubaki na GTA yako tu.

#39 Kuungaunga
#37 #38 hayo nilijua wakati nanunua. Sichezi Valorant. Nataka GTA isizime, basi.

#40 Binti Kirumba
Umesafisha feni?

#41 Mzee wa Volti
Umetoa stebilaiza?

#42 Nyundo ya Igoma
Umenunua saplai?

#43 Kuungaunga
Wakuu nimerudi na majibu, ila msipigane.

Minidump ni tupu. Kuwasha upya kiotomatiki nimetoa alama, ikakata tena vilevile, bluu sikuiona.

Nimefungua feni ya prosesa. Vumbi lilikuwepo jingi, na wadudu wachache, dada yangu una haki kiasi. Nimesafisha, nimepaka grisi mpya, nimefunga ubavu. Prosesa ilikuwa inafika 84, sasa 69. Kadi haizidi 72. Jioni ile ile ikakata.

Nikatoa stebilaiza, nikachomeka ukutani moja kwa moja. Ikakaa muda mrefu bila shida, nikaanza kufurahi, ikakata tena, ila safari hii na balbu ya sebuleni ilipepesa.

Jana nikarudisha stebilaiza, nikafunga fremu zisizidi 60 kwenye setingi, maana mwanzo niliacha zipande zinavyotaka. Haikukata jioni nzima. Lakini jana ilikuwa Jumapili.

#44 Kapasita
Jumapili ina nini?

#45 Kuungaunga
#44 nyumba ya tatu kutoka kwangu kuna fundi anachomea mageti na magrili. Siku za kazi anapiga mpaka saa nne usiku maana jua limepoa. Jumapili hafungui.

#46 Dagaa Mchele
HAHAHAHA. Ukurasa mzima wa uzi, mtu anatuficha fundi wa kuchomelea.

#47 Mzee wa Volti
Uzi ufungwe kwa mara ya pili. Mashine ya kuchomelea ikigusa chuma, volti zinazama ghafla kwa mtaa mzima. Balbu kupepesa ndiyo ushahidi wake.

#48 Kapasita
#47 hapa nakuunga mkono nusu. Kuzama kwa ghafla ni tofauti na 181 iliyotulia. Maltimita ya kawaida haikuonyeshi, inatoa wastani, tukio la sehemu ndogo ya sekunde linaipita. Lakini bado ukiwa na saplai yenye kapasita nzima, inavuka. Na stebilaiza kila ikiona kuzama inagonga rilei, inaongeza tundu juu ya tundu. Kwa hiyo mimi bado nasema stebilaiza inazidisha.

#49 Nyundo ya Igoma
Balbu ilipepesa, haikuzima. TV haikuzima. Kilichozima ni saplai ya 2012 peke yake. Nimemaliza.

#50 Mwanafunzi wa Malimbe
Na kufunga fremu 60 je? Kadi isipofungwa inaruka juu na chini, mzigo unapanda ghafla kila mara. Inawezekana mchango mkubwa ni huo na si Jumapili. Jaribu siku ya kazi, fremu zikiwa zimefungwa, fundi akiwa anachomea.

#51 Binti Kirumba
Kutoka 84 mpaka 69 na bado mnasema wadudu hawahusiki. Haya.

#52 Kamanga Boy
Mwambie fundi akutengenezee kesi ya chuma, mtakuwa mmelipana. Au mpeleke uwanjani Pamba Jiji ikicheza, gemu zako utacheza kwa raha.

#53 Jiwe Juu ya Jiwe
UPS ndogo ingemaliza yote haya. Anayeweza kununua kadi ya laki mbili na thelathini anashindwa UPS?

#54 Kapasita
#53 angalia aina. UPS nyingi za bei nafuu zinakaa pembeni, zinaingia umeme ukikatika, na zenyewe zinatumia rilei kuhama. Kwa kawaida zinahama ndani ya milisekunde 10 hivi, saplai nzima inavumilia, iliyochoka haieleweki. Za mtumba betri huwa zimekufa, unanunua boksi zito lisilo na kazi.

#55 Mwenye Nyumba Mstaafu
Habari za jioni vijana. Mimi nina wapangaji wawili wenye hizi mashine na LUKU ni moja. Hiyo PC inakula kiasi gani kwa saa? Wananiambia ni sawa na balbu.

#56 Mzee wa Volti
#55 shikamoo mzee mwenzangu. Kwa mashine kama ya huyu, ikicheza gemu pamoja na monita, kadiria wati 200 kwenda chini kidogo. Saa tano za kucheza ni uniti moja. Balbu ya LED ya wati 9 ingewaka zaidi ya saa mia kwa uniti hiyo. Wamekudanganya.

#57 Mwenye Nyumba Mstaafu
Asante sana. Nimeelewa.

#58 Dagaa Mchele
#56 mzee umevunja nyumba za watu 😂

#59 Kuungaunga
Wakuu, jana Jumatatu. Fremu zimefungwa 60, fundi anachomea, stebilaiza imetolewa. Haikukata. Leo sina uhakika maana fundi kamaliza mapema. Nimeongea na duka moja Dar, saplai ya wati 450 itakuja na basi wiki hii, nimeshatuma hela nusu, nusu ikifika stendi. Nyundo usifurahi, nanunua kwa ajili ya kadi kubwa baadaye.

#60 Nyundo ya Igoma
Nimefurahi tayari.

#61 Kapasita
Ikifika, kabla ya kufunga ipime uzito mkononi na usome lebo, ampea za 12V. Nyingi zimeandikwa 450 kubwa mbele, lakini ukizidisha ampea za 12V kwa 12 unapata 200 na kitu. Ikiwa hivyo bora ubaki na ya Dell.

#62 Mtu wa Nansio
Mkuu #59, ya zamani usitupe. Nitainunua, namtuma mtu aichukue kwako, meli ya jioni inaileta. Nataka 12V yake kwa ajili ya betri za taa za dagaa.

#63 Mzee wa Volti
#62 haichaji betri hiyo. Betri ya 12V inataka karibu 14 ili ijae. Ukiipa 12 kamili itakaa hapo bila kujaa na utaiua.

#64 Mtu wa Nansio
#63 sichaji nayo mzee. Nawasha taa nchi kavu nizijaribu kabla hazijaingia mtumbwini, betri zipumzike. Kuungaunga, elfu kumi na tano inatosha?

#65 Kuungaunga
Fanya ishirini, waya wake nakupa.